Gari Lililochemsha Kwenye Lami

Miaka yote ya barabara ya vumbi, gari langu halikuwahi kuchemsha hata siku moja. Tulitambaa nalo kutoka Kasulu hadi Kibondo, shimo baada ya shimo, magunia ya maharage yakiwa nyuma, na mshale wa joto ukakaa katikati umetulia. Kisha lami ikaja. Nilifurahi kama mtoto. Siku ya kwanza nikakanyaga mafuta, na kabla sijafika Makere mshale ulikuwa umepanda mpaka juu na mvuke unafuka kwenye boneti.

Nikipunguza mwendo, mshale unashuka. Nikizunguka mjini Kasulu, hakuna shida. Nikikimbia tu, linachemsha. Kaka yangu, ambaye hapitwi na jambo la kuchekesha, akasema gari langu lina ushamba, halijazoea lami, lirudishwe kwenye mashimo lipone. Watu wakacheka. Mimi nilinuna, maana ni mtu wa kununa, na gari lile nililinunua kwa maharage yangu mwenyewe.

Utani ule niliuvumilia mpaka binti yake alipochumbiwa Kitahana. Binti huyo nimemlea mimi tangu darasa la kwanza, mama yake alipofariki. Mara nyingi tulikuwa wote gari lilipochemsha. Tulikuwa tunatandika kanga kwenye majani kando ya barabara, tunakula mahindi ya kuchoma, tunasubiri maji yapoe. Ni kwenye majani hayo aliponiambia mambo yake yote, pamoja na habari za huyo kijana wa Kitahana. Na kwetu shangazi ndiye anayemtoa bibi harusi nyumbani na kumfikisha kwa wenyewe. Nilikuwa naingojea siku hiyo tangu binti yule ana meno ya utoto.

Kwenye kikao cha familia, wiki ya harusi, kaka akatangaza kwamba bibi harusi atapanda gari la kukodi.

"Dada, wewe utakuja nyuma na vyombo," akasema. "Siwezi kwenda kuwaambia wakwe kwamba bibi harusi yuko Makere anasubiri maji yapoe."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nimlee mimi, halafu siku ya kumtoa nije nyuma na masufuria. Nikamwambia anipe mpaka Ijumaa. Nikimpeleka yeye mwenyewe mpaka ng'ambo ya Makere na kumrudisha kwa mwendo wa lami bila kuchemsha, bibi harusi ni wangu. Akakubali upesi, kwa sababu alijua nitashindwa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa kwa fundi. Fundi huyu alikwisha kunibadilishia mfuniko wa rejeta na pampu ya maji, akang'oa na thamostati, kile kifaa cha kuongoza joto la injini, kama wanavyofanya wengi huku, na gari likaendelea kuchemsha vilevile. Siku hiyo akaniambia, "Mama, hapa imebaki silinda hedi. Tufungue injini." Kufungua injini ni wiki nzima, na harusi ilikuwa Jumamosi. Nikamwambia hafungui kitu. Akainua mikono na kwenda kukoroga chai yake, akaliacha gari linanguruma, boneti wazi, feni inazunguka.

Nilikuwa nimetoka kupepeta maharage, kanga yangu imejaa makapi. Nikaikung'uta palepale mbele ya gari, kwa hasira tu. Makapi yakaruka. Yale ya juu yakavutwa na kuganda kwenye rejeta, lakini ya chini yakadondoka miguuni kwangu. Mimi nimepepeta tangu nikiwa mtoto, najua upepo unapopita na usipopita. Nikakung'uta tena. Juu yakaganda, chini yakadondoka.

Nikamwomba fundi karatasi. Akachana moja kwenye daftari lake. Nilipoiweka sehemu ya juu, feni iliivuta ikanata kama imegundishwa. Nilipoishusha chini, ikaanguka.

"Fundi, chini hapa hakupiti upepo."

"Rejeta ni safi, mama. Angalia mwenyewe."

Kweli, ukiiangalia kwa mbele ilikuwa inang'aa, na kwa nyuma hivyohivyo. Lakini rejeta zenyewe ni mbili. Mbele iko nyembamba ya kiyoyozi, ambacho kwenye gari langu kilikufa zamani, na nyuma yake iko ya maji. Katikati yake pana nafasi ya upana wa kidole ambayo hakuna anayeichungulia. Nikamwambia aifungue ile ya mbele. Akaguna, akafungua bolti nne, akailaza.

Nusu nzima ya chini ya rejeta ya maji ilikuwa imezibwa na udongo mwekundu, mgumu, umechanganyika na mbegu za nyasi na mabawa ya kumbikumbi.

Aliyeuweka pale ni mimi. Kila Jumamosi, miaka yote ile ya vumbi, nililipeleka gari kuoshwa, nikasimama na kuelekeza mpira wa maji upigwe mbele kwa nguvu mpaka pang'ae. Vumbi likaloa likasukumwa ndani, injini ikalikausha, na Jumamosi iliyofuata nikaongeza jingine. Hapa Kasulu kila mtu anajua tofali linavyopatikana: udongo, maji, moto. Nilikuwa nafyatua matofali ndani ya gari langu, tena huku najisifu usafi. Kwa mwendo wa mashimo, nusu ya rejeta ilitosha. Lami ilihitaji rejeta nzima.

Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Kisha tukaloweka, tukasugua taratibu kwa brashi, tukamwaga maji kutoka nyuma kwenda mbele, ndoo baada ya ndoo, ua mzima ukawa mwekundu. Mchana nikainama na kuona mwanga ukipenya kila mahali. Thamostati nikaamuru irudishwe.

Ijumaa kaka akakaa pembeni yangu, amefunga mkanda kama anapelekwa mahakamani. Nikakanyaga mafuta. Makere tukaipita. Mshale ukabaki katikati. Akagonga kioo cha mshale kwa kidole, akidhani umekwama.

"Geuza basi," akasema.

"Bado. Tumalize na kile kilima."

Tuliporudi nyumbani alishuka, akafunga mlango polepole. "Ego," akakubali kwa Kiha. "Bibi harusi ni wako." Nilitamani kuruka, lakini nilijikaza mpaka alipoondoka, ndipo nikaruka.

Jumamosi gari la kukodi lilikuja nyuma, na kaka ndani yake pamoja na masufuria. Mimi nilikuwa mbele na binti yangu, gauni jeupe limejaa kiti kizima. Sijawahi kuendesha kwa raha kama ile. Niliyapita malori nikipiga honi bila sababu. Yeye tangu Makere macho yake yalikuwa kwenye mshale. Tulipokaribia Kitahana akasema taratibu:

"Masenge, leo mimi ningetaka lichemshe. Kidogo tu."

Masenge ndivyo anavyoniita shangazi yake. Nilikuwa nimeshindana wiki nzima ili nimfikishe haraka, na sasa tulikuwa karibu kufika.

Nikawasha taa ya pembeni, nikasimama kando ya barabara, nikafungua boneti. Gari la nyuma likasimama pia na kaka akaja mbio, uso umeanza kuchanua.

"Limechemsha?"

"Angalia."

Akainama juu ya rejeta, akatafuta mvuke asiuone. Akamtazama binti yake, ambaye alikwisha kutandika kanga yangu kwenye majani na kukaa na gauni lake lote. Mimi nikaketi upande wake mmoja, kaka akavua koti, akaketi upande wa pili, na hakuna aliyetaja maji.

Wakwe walisubiri.