Shi ni Banani

Nianze na haya yenyewe, kusudi tumalizane nayo: nilijikojolea mu kalasi. Sikuwa katoto ka mwaka ya kwanza, hapana. Nilikuwa na miaka kumi na ine, na ndevu mbili tatu zenye nilikuwa ninajivunia sana, nimesimama ku tablo ya chaki, mbele ya enspektere wa kukagua masomo. Kaptula ilikuwa ya kaki, na kaki, unayua mwenyewe, haifichake kitu.

Nilizani nilishasahau. Lakini juma yenye imepita tulikuwa Kasumbalesa na bibi yangu, muke wangu, tunavuka kwenda kwenye kilio ngambo ya Zambia. Mutu wa paspoti akanyoosha kidole kwa bibi yangu, akaniuliza mu Kingereza, huyu ni nani: "Hu izi shi?" Swali ya batoto. Bibi njo alijibu, maana mi nilikuwa ninaangalia kwanza kama suruali ingali kavu.

Masomo yetu, kule tulikuwa tunasomea, ilikuwa ya Leta, ya serikali, mu Kenya, si ile inchi, ni mutaa ya Lubumbashi, nyuma ya soko. Asubui tulikuwa tunaimba na kucheza ku bendera kusifu Chama yenye ilikuwa inatawala, na mwenye kupiga mikono kivivu, jina yake ilikuwa inaandikwa. Hatukuyua inaandikwa wapi. Ile njo ilikuwa inatutisha. Upepo ikigeuka, moshi ya shimine ndefu ya kiwanda ya mukuba, shaba yetu, ilikuwa inaingia mu kalasi, chungu ku ulimi sawa kulamba musumari. Nkambo wangu, mama ya mama, akiwa anasonga bukari, alikuwa anasema: woga ni sawa moshi ya shimine, inaingiaka hata fasi mulango imefungwa.

Mwaka ile njo tulianza Kingereza. Fikiri kidogo: mu barabara tunasema Swahili, nkambo ananigombeza mu Kibemba, baba analewa mu Kiluba, jirani anauzisha mihogo mu Tshiluba, na Kifaransa tuliingiziwa na fimbo. Kingereza ikafika kutafuta kiti mu kichwa yangu, ikakuta kiti yote imekaliwa.

Mwenye kutufundisha alikuwa madamu mumoja wa Kasai, mwembamba, wa sauti ya chini. Tablo yetu ilikuwa na mabawa, ya kufunga na kufungua sawa dirisha. Ku bawa ya ndani alikuwa anaandika Kingereza, na pembeni yake Swahili, Kibemba, Tshiluba. "Kila mutu aingie na mulango ya kwabo," alikuwa anasema. Akatuonyesha "mi": mimi mu Kingereza ni mi, na shi batu ya Lubumbashi tunasema mi. Tulipiga mikono kuliko ku bendera. Nilirudi ku nyumba nikamuambia nkambo asema "mi". Akasema. Nikamuambia: nkambo, unayua Kingereza. Akanifukuza na mwiko.

Lakini madamu alituonya na kitu moja. "Muchunge shi," alikuwa anasema. "Kwenu shi ni sisi. Kwa Bangereza shi ni yeye mwanamuke. Hapo njo mutu ataanguka."

Ile mafundisho yote ilikuwa ya kujificha. Luga ya barabara ilikatazwa mu kalasi, na direkitere, mukubwa wa masomo, alishasema ku bendera, mbele ya bote: mwalimu mwenye kufundisha na Swahili, atamutuma Pweto, kule ku ziwa, akafundishe samaki. Batoto tulicheka. Madamu hakucheka. Alikuwa na mama yake mugonjwa mu nyumba, wa kupeleka ku lopitali kila juma, na kutoka huku mpaka Pweto ni mbali, barabara yenyewe ni mashimo.

Enspektere akafika siku ya ine ya juma. Mwenzangu wa kukaa ntebe moja, mutoto wa fundi wa kushona, Muislamu wa Maniema, alikuwa amenda ku robine, bomba ya maji, kulowesha eponje ya kupanguza tablo. Alikawia. Shi tulisikia tu viatu mu kolidoro, ko, ko, ko, halafu ikanyamaza kidogo, halafu tena ko, ko. Madamu akafunga bawa ya tablo pole pole. Mwenzangu akaingia na eponje inamwanga maji, akakaa, na nyuma yake enspektere.

Kati ya batoto makumi ine, kidole yake ikanichagua mi. Nikaenda ku tablo. Akanyoosha kidole kwa madamu, akauliza, sauti tamu sawa ya mutu wa kununua mbuzi: "Hu izi shi?"

Yote yenye nilifundishwa ikatoka mu kichwa, ikabakia paka shi ya kwetu tu. Nikajibu kwa nguvu, mikono imenyooka sawa ku bendera:

"Shi ni batoto ya Kenya, Tata."

Hakuna mwenye alicheka. Enspektere alikwenda ku tablo, akafungua bawa, akasoma luga zote ine, mustari kwa mustari, bila haraka. Njo pale nilisikia moto inashuka ku muguu. Alifunga, akaandika mu kitabu yake, akatoka. Madamu alichukua eponje ya mwenzangu, akapanguza maji chini ya miguu yangu yeye mwenyewe, ananiambia: "Nenda ukae, baba. Haiko kitu."

Juma yenye kufuata, siku ya kwanza, ku bendera madamu hakuwako. Walisema Pweto. Mwenye kuja nyuma yake alifundisha paka kwa Kifaransa tu. Nilianguka Kingereza mara mbili, na masomo yangu ikaishia pale. Kalasi yote ilinicheka miezi na miezi, bananiita Robine. Paka mwenzangu wa ntebe peke yake hakucheka hata siku moja. Nilizani ni malezi ya Kiislamu.

Leo ile masomo ikingali, lakini tablo ya mabawa haiko tena, na shimine haitoe moshi. Nilipotoka Kasumbalesa nilipita ku atelye ya kushona ya mwenzangu wa ntebe. Alirizi mashini ya baba yake. Nikamuelezea ya paspoti, nikicheka. Halafu nikamuambia kitu chenye sikumuambiaka mutu: mi njo nilimutuma madamu Pweto, na mama yake.

Akasimamisha mashini.

"Weye ulikuta ilishaharibika," akasema. "Enspektere alinikamata ku kolidoro na eponje yangu, akaniuliza madamu anafundishaka namna gani. Nikamuelezea luga zote ine, na bawa ya tablo. Nilizani ninamusifu. Njo maana sikukucheka, Robine."