Nyungunyungu Kwenye Ndoo

Nilianza kubeba nyungunyungu kwa ndoo mwaka ule mahindi yetu yalipogeuka manjano kwa mara ya pili. Shamba letu lipo Ulyankulu. Zamani tulilima tumbaku, na kwa kuwa tumbaku hula kuni nyingi wakati wa kuikausha, nusu ya shamba tulipanda mikaratusi. Tumbaku ikatuchosha, tukaiacha. Tukakata sehemu ya mikaratusi, tukapanda mahindi, nayo mahindi yakatutazama tu.

Mume wangu akasema ardhi imekufa, tuuze, twende Katavi. Mama yake akasema hahami. Yeye aliletwa hapa mkimbizi kutoka Burundi akiwa msichana, na mumewe kazikwa hapa hapa. Mimi nikawa katikati, nasikiliza huku na huku.

Kule makaburini kumebaki kipande cha msitu wa miyombo ambacho hakuna aliyethubutu kukikata. Ukifukua majani yaliyooza pale, udongo ni mweusi, na nyungunyungu wanajikunja wengi, wanene. Chini ya mikaratusi ukifukua unakuta mizizi na vumbi. Nikajiambia, kama hawa ndio wanaoufanya udongo uwe udongo, basi nitawahamishia kwenye mahindi. Msimu mzima wa mvua nilibeba, ndoo kichwani, kiuno kinauma, majirani wanacheka. Hata mamamkwe alinitania: "Umewauliza kama wanataka kuhama? Sisi hatukuulizwa. Tulipakiwa tu kwenye malori."

Nilicheka, lakini iliniuma.

Mvua zilipokaribia kwisha nilichimba pale nilipowamwaga. Nikachimba pembeni, nikachimba tena. Hawakuwamo. Nilikaa kwenye tuta nikakasirika, sijui namkasirikia nani. Hivi nilitegemea nini? Niliwatoa penye majani na kivuli, nikawatupa juani, halafu nikataka wanifanyie kazi.

Nyumbani nilimkuta mamamkwe kwenye mkeka, anachambua maharage. Siku hizi miguu haimfikishi shambani. Akauliza, "Wamo?"

"Hawamo, mama."

"Basi mfuate mume wako, mwanangu. Wewe bado una nguvu. Mimi niacheni."

Nguvu! Nilikuwa nimechoka hata kuvua viatu. Lakini nilimfikiria peke yake katika nyumba ile, anahangaika na moto, anapika maharage ya mtu mmoja, na moyo ukakataa kabisa. Mume wangu alipoingia, kabla hajanywa hata maji, nilimwambia auze mikaratusi iliyobaki, ardhi asiiuze. Akitaka Katavi, aende. Mimi nabaki na mama yake.

Alinitazama, kisha akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameinamia ungo wake kama hajasikia neno.

"Na visiki vyote vile atachimbua nani?" akauliza.

Nilitamani kulia. "Mimi," nikasema. "Na wewe, kama upo."