Milingoti Niliyoipanda Chemchemini

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu: nimeshuka kwenye basi la kutoka Laela na beseni la miche ya milingoti kichwani, nimeolewa miezi mitatu tu, najiona mjanja kuliko kijiji kizima. Huku kwetu Ufipa nyasi ni tele, mti wa kujengea ni wa kutafuta. Nikaipanda yote kuizunguka chemchemi, maana pale haikuhitaji kumwagiliwa.

Mama mkwe alikuja kuteka maji, akaitazama. Hakunigombeza.

“Mkamwana, miti hii inakunywa sana. Ing'oe leo, bado inang'oka kwa mkono.”

Nikaitikia ndiyo mama, moyoni namcheka. Sikung'oa hata mmoja. Milingoti ikarefuka, tukauza nguzo, nikasifiwa. Chemchemi nayo ikapungua ikawa tope, mwishowe vumbi. Mama mkwe, na magoti yake mabovu, akawa anateremka hadi bonde la pili kufuata maji, mpaka alipofariki. Hakunikumbusha maneno yake hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Mwaka juzi nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema milingoti ile ni yangu, naomba ikatwe. Wanangu walininunia wiki nzima. Tukakata, tukachimbua visiki, tukapanda mikuyu na matete, tukazuia ng'ombe. Masika mawili yakapita, pakavu vilevile. Nikajua chemchemi nimeshaiua.

Sasa sikia! Jana asubuhi, kiangazi hiki hiki, jirani yangu Mama Skola kaja mbio, hata hodi hakuimaliza. Nikatoka na khanga moja, fimbo nimeisahau ndani. Maji, mwanangu! Membamba, yanatoka kati ya mawe, baridi yake inauma meno. Nimeyanywa kwa kiganja, nikalia, nikacheka, nikapiga vigelegele, bibi kizee mzima. Mpaka sasa sijatulia.

Basi nakuambia waziwazi: usipande mlingoti karibu na chemchemi, wala usilime ukingoni mwake. Na mkubwa wako akikuonya kwa upole, tii siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa, na yule niliyetaka kumpelekea kikombe cha kwanza jana hayupo.

Mungu akujalie maji karibu na mlango wako, na wazee wako wawe hai bado, uwanyweshe kwa mkono wako.