Bandeji ya Mukami

Tata Mukami, dada yake mama, hakuamini mtu. Mfuko wa sukari aliufunga mafundo matatu ili ajue kama kuna mkono umepita. Hata mimi, niliyelelewa naye tangu darasa la tatu, alininusa vidole nikitoka jikoni. Nilimpenda, lakini sitamsafisha hapa. Ugonjwa huo aliupata Embu miaka ya Emajensi, serikali ya Wazungu ilipopigana na watu wa msituni, akiwa muuguzi katika hospitali ndogo ya misheni, wakati mambo yake yalikuwa yamenyooka kuliko ya mtu yeyote kijijini.

Na yalikuwa yamenyooka kweli. Wenzake walikuwa wamefungiwa ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki, wakichimba mitaro kwa amri na kuchuchumaa uwanjani huku mtu aliyevikwa gunia, macho tu yakionekana, akipita na kutikisa kichwa kuamua nani achukuliwe. Tata alipita langoni na gauni lake jeupe na mkanda mwekundu, na homgadi, walinzi weusi wa serikali, walimfungulia kabla hajatoa pasi. Aliniambia wazi kwamba aliona raha.

"Nilijua hawawezi kunigusa," alisema. "Hao walikuwa wananihitaji."

Tena alikuwa na bandeji yake. Alifunga mguu kuanzia kifundoni kwenda juu, kila mzunguko akiukunja mara moja, mikunjo ikapangana mstari mmoja kama nywele zilizosukwa, yote imelala upande wa kulia. Fundo aliliweka pembeni, mbali na kidonda. Mtu akipita barabarani na mguu wa namna hiyo, watu walisema huyo ametoka kwa Mukami, na Tata akisikia hivyo alitembea taratibu ili aendelee kusikia.

Mwaka wa 1955 askari walimleta hospitalini mtu waliyemkamata karibu na mto Rupingazi. Alikuwa amekonda, nywele na ndevu za msituni zimemfunika uso. Mguu wake ulikuwa umefungwa kwa vipande vya shuka, na kila aliyekuwa uani aliitambua ile mikunjo. Afisa, Mzungu kijana asiyecheka, aliuliza nani amemfunga.

"Nilijifunga mwenyewe," yule mtu akasema.

Laiti Tata angenyamaza. Lakini afisa alimgeukia yeye, akamuuliza mbele ya watu, yeye aliye fundi, iwapo hilo linawezekana, naye akavimba kichwa. Akajibu kwamba mganga hajigangi, na kwamba kazi ile ni ya mkono uliofundishwa. Homgadi wakacheka. Alipoona afisa hacheki ndipo akaelewa alichofanya. Mikono iliyofundishwa kufunga hivyo ilikuwa yake na ya wanafunzi wake watano, basi.

Afisa hakuwa mjinga. Alionyesha kwa fimbo kwamba mikunjo ile imelala kushoto, kisha akaamuru kwamba baada ya saa moja kila muuguzi atafunga mguu mbele yake, na atakayefunga hivyo ataondoka naye.

Mara moja Tata akamfikiria Kawira, mmoja wa wanafunzi hao. Kawira alitoka Meru, wengine wote wa Embu, na ndiye peke yake aliyekuwa mashoto. Mikunjo yake ililala kushoto siku zote. Halafu alikuwa na kaka ambaye hakuna aliyejua yuko wapi, na mwezi uliopita shuka ilikuwa imepotea stoo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tata akawa na hakika. Alimvuta nyuma ya jiko la hospitali, akamuuliza.

"Si mimi, Sista," Kawira akasema.

Tata hakumwamini hata kidogo. Lakini alijua kwamba siku zile watu walinyongwa kwa mambo madogo kuliko hilo, na alimwonea uchungu yule msichana. Hapo nampa heshima yake.

Wadi ile ilikuwa na desturi kwamba mkubwa ndiye anayeanza, na wadogo hufuata mkono wake, mzunguko kwa mzunguko, bila kuuliza. Walipangwa sita uani, kila mmoja na mguu wa homgadi mbele yake. Tata akashika bandeji kwa mkono wa kushoto. Vidole vilimkataa, jasho likamtoka, mikunjo ikatoka mibaya. Lakini ililala kushoto, na wanafunzi wakamfuata. Afisa alipita mara mbili, akakuta miguu sita inayofanana. Akamgeukia Metroni, mkuu wa wauguzi, mama wa Kizungu aliyemfundisha Tata kazi. Metroni alimtazama Tata, kisha akasema ndivyo wanavyofundishwa.

Mtu wa Rupingazi alichukuliwa peke yake. Hakurudi, na Tata hakuuliza jina lake.

Tangu siku hiyo wimbo wake ukawa kikulacho ki nguoni mwako. Alimnyang'anya Kawira funguo za kabati la dawa. Alipoulizwa nani anafaa kupelekwa Nairobi kusomea uuguzi kamili, alisema Kawira si wa kuaminiwa. Kawira aliacha kazi, akaenda Timau kuvuna ngano ya Wazungu, na baadaye ngano ya matajiri wetu, hadi mgongo ukapinda. Alituma salamu mara mbili. Tata hakujibu. Alisema alishamwokoa, sasa anataka nini tena?

Mwaka wa 1989, Tata akiwa amestaafu, panga lilimteleza akipogoa kahawa likamkata muundi. Nilikimbia na maji moto, akanifukuza, nisije nikamharibia kidonda. Akaketi kwenye kigoda akajifunga mwenyewe, kwa mkono wa kulia, upesi upesi, kama alivyofunga watu kwa miaka thelathini. Mguu wake mwenyewe hakuwahi kuufunga kabla ya siku hiyo.

Alipomaliza alininyooshea mguu, akataka nisimame mbele yake pale muuguzi husimama, nimwambie mikunjo imelala wapi.

"Kushoto, Tata."

Aliifungua akaanza upya. Kushoto tena. Akafungua mara ya tatu, damu ikimtiririka hadi kwenye vidole vya mguu.

"Yule mtu wa Rupingazi hakudanganya. Nilimtibu mimi," akasema. "Kabla aingie msituni. Shoka lilikuwa limemkata. Alilala wadi wiki mbili, nikimfunga ananiangalia mikono tu. Mimi nilifikiri ananipenda."

Akaniambia kesho asubuhi nimtafutie gari la Timau. Ilinibidi nimkumbushe kwamba Kawira alizikwa mwaka uliopita. Barua ya matanga nilimsomea mimi mwenyewe, naye akasema ana kahawa ya kuchuma.

Alibaki na ncha ya bandeji mkononi, na kwa kweli sikumwonea huruma. Kisha nikaichukua nikamfunga, maana damu ilikuwa bado inatoka.