Mbege Si Pombe, Nilisema

Tangu akiwa mdogo, binti yangu alikuwa na tabia moja. Nikirudi nyumbani alinisogelea, akavuta pumzi puani, ndipo akaamua kama aniamkie au apite zake. Siku aliyokuja kuniambia anaolewa nilikuwa karakanani kwangu Njoro, napiga randa mlango wa kabati, na ilikuwa saa tatu asubuhi. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, shikamoo haikuja.

Alisema wakwe watakuja nyumbani kwa bibi yake, huko juu mlimani, baada ya Pasaka. Kisha akasema lile alilokuwa amelibeba njia nzima.

"Baba, siku hiyo ukiwa umelewa, kata atapokea mjomba. Nimeshamwambia akae tayari."

Kwetu Uchagani mahari haikamiliki kwa maneno matupu. Upande wa mwanamume huja na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mzee wao huonja kwanza mbele ya watu wote, ili ionekane haina ubaya, halafu ile kata ya kibuyu hukabidhiwa baba wa binti. Akinywa, amekubali. Mtoto wangu wa pekee alikuwa ananiambia kazi hiyo atapewa kaka wa mama yake, mtu ambaye kabati lake nilimtengenezea mimi, na mpaka leo analisema kwamba milango yake haifungi.

Mimi hasira zangu ziko juu juu. Nilimwambia aniache, nina kazi za watu. Akaondoka. Nikaupima ule mlango mara tatu, na mara zote tatu vipimo vikakataa kulingana. Ukweli ni kwamba sababu alikuwa nayo. Siku ya kipaimara chake nililala katikati ya migomba wageni wakila, na padri alilazimika kuniruka akienda kunawa mikono.

Basi nikaacha pombe. Niliacha bia, nikaacha na zile kali za chupa ndogo, nikapita kilabuni Pasua kuwatangazia wenzangu, maana kuacha kimya kimya kuna faida gani? Wakanipigia makofi. Mwezi mzima sikugusa chupa. Kila siku ya pili nilipanda kwa mama, nikateremka na dumu la mbege, nikawa nakunywa hilo tu. Nilijiona mshindi.

Usinicheke. Mbege kwetu haihesabiwi pamoja na pombe. Mbege ni chakula. Mzazi hupewa apate maziwa, mzee hupewa apate nguvu. Mama alinisimulia mara nyingi kwamba nilipozaliwa, hata wiki sijamaliza, alichovya kidole kwenye kata akanipaka mdomoni, kama alivyopakwa yeye na mama yake. Nilikinyonya kile kidole, wanawake wakacheka, wakasema huyu amefika kwao.

Mama alikuwa mpishi wa mbege, na utoto wangu wote unanukia kazi hiyo. Namwona akichemsha ndizi mbivu mpaka zigeuke nyekundu, moshi ukitoka chini ya paa la jiko kama vile nyumba inaungua. Mimi nilichota maji mferejini, yale ya baridi yanayoshuka kutoka msituni, na ndoo ilifika nusu kwa sababu nusu nilijimwagia. Ulezi uliooteshwa, yaani kimea, aliuanika juani, nikawekwa kuulinda na kuku. Aliusaga, akaupika uji, akauchanganya na maji ya zile ndizi na gome la msesewe lenye uchungu wake. Kabla haijachacha ilikuwa tamu, na hiyo ilikuwa yetu watoto. Jumamosi wazee walikuja wakakaa kwenye vigoda chini ya mgomba, kata ikazunguka, na watu waliokuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba walijikuta wanasemezana. Baba yangu hakuwa mcheshi. Hapo ndipo nilipomsikia akicheka.

Ninayakumbuka hayo kwa uchungu na sioni aibu kusema. Mama ametangulia mwaka jana, baada ya haya yote ninayosimulia, pipa lake limepasuka, na ndizi za kihamba, shamba letu la ukoo, sasa tunazila tu.

Usingizi ndio ulionipeleka zahanati. Sikuwa nalala, nikataka vidonge. Nikamkuta daktari, msichana wa umri wa binti yangu, akaniuliza kama natumia pombe.

"Nimeacha," nikasema. "Natumia mbege tu."

"Kiasi gani, Baba?"

"Kata nne, tano."

"Kwa wiki?"

"Kabla ya chakula cha mchana."

Aliweka kalamu chini. Akanieleza bila kunikaripia kwamba mwili wangu haujui tofauti ya kata na chupa, na kwamba kwa miaka niliyokunywa nisithubutu kuacha ghafla peke yangu. Kuna dawa, kuna kupunguza kwa mpango, nirudi kesho na mke wangu. Mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba mtoto mdogo ananiambia mbege ya mama yangu ni pombe. Nilifika nyumbani nimevimba. Nikalimwaga dumu lote nyuma ya choo, nikamwambia mke wangu, "Haya, nimeacha. Mipango ni ya wasio na msimamo."

Siku ya pili kikombe cha chai hakikufika mdomoni. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana, jasho likalowesha godoro, na moyo ukawa unanienda mbio nikiwa nimelala tu. Ilipofika adhuhuri niliona siafu wakishuka ukutani, msafara mzima, wakija kwangu. Nilivua kiatu nikaanza kuwaponda. Mke wangu aliingia, akatazama ukuta, akanitazama mimi. Hakubishana. Alinivalisha shati kama anavyovalishwa mtoto wa chekechea, akaita bajaji, tukaenda hospitali. Niliogopa siku ile. Niliogopa kufa, na zaidi ya kufa niliogopa kwamba mjomba atapokea kata kweli.

Nililazwa wiki nzima. Nilipewa dawa, maji ya mshipani, uji, na dawa tena. Siku ya nne nilishika kijiko mwenyewe, nikakitazama kikitulia mkononi kama mtu aliyeletewa habari ya ndugu aliyepotea. Yule msichana wa zahanati alipita kunijulia hali. Nilikuwa nimejiandaa kwa "si nilikuambia", lakini hakuisema. Tangu siku hiyo nikamwita daktari. Aliniachia neno moja: hata tone lisipite, na siku ya wakwe isinikute sijajua nitasema nini kata ikinifikia.

Aliyebaki kuambiwa ni mama. Nilimkuta jikoni, anamenya ndizi za mtori, ile supu yetu nzito ya ndizi na nyama, macho yameshafifia lakini kisu hakikosei. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda changu cha zamani.

"Mama, siwezi tena kunywa. Hata ya kwako."

"Hata ya kwangu?"

"Hata kuonja."

"Mbege si pombe," akasema. Hapo ndipo nilipojua maneno yangu niliyarithi wapi.

Nikamweleza siafu, nikamweleza hospitali. Alimenya ndizi mbili, tatu, zaidi ya zilizohitajika. Kisha akaweka kisu.

"Sasa mwanangu, miaka yote hiyo nilikuwa nakulisha nini?"

Nilimwambia alinilisha vizuri, na ni kweli, na si kweli yote. Tulikula ule mtori sahani moja. Nilimwomba tu asinipe, hata nikimwomba.

Wakwe walikuja Jumamosi na mapipa mawili yamefunikwa majani ya mgomba. Shemeji yangu, yule mjomba, alikuwa amevaa suti mpya, amekaa kiti cha mbele. Binti yangu alisimama mlangoni na shangazi zake. Mzee wao akachota, akaonja, akajaza tena, akainyanyua kata mbele yangu kwa mikono miwili.

Niliipokea. Mikono haikutetemeka hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyokuwa hatari. Povu lilikuwa jeupe, na ile harufu ilinijia na baba yangu, na vigoda, na mfereji, na kila mtu niliyempenda akiwa bado hai. Nitasema ukweli: niliitaka. Sikuitaka kama mlevi anavyoitaka chupa, niliitaka kama mtu anavyotaka kurudi kwao. Hotuba niliyoiandaa wiki mbili ilinipotea yote. Nikasimama tu na kata mkononi mpaka mzee wa wakwe akauliza taratibu, "Baba, umetukataa?"

Shemeji akakohoa, akaanza kuinuka.

Nikasikia fimbo ya mama ikigonga chini. Alikuja akipapasa njia, akafika, akanishika mkono, akafuata mkono mpaka kwenye kata, akainyang'anya.

"Huyu mtoto ya kwanza nilimwonjesha mimi," aliwaambia wakwe. "Na ya mwisho namnywea mimi."

Akainywa yote, mwanamke wa miaka themanini na ushee, bila kupumzika. Alipomaliza akafuta povu kwa kiganja, akatafakari kidogo.

"Kimea chenu hakikuota vizuri," akasema. "Lakini tumekubali."

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilisikika mpaka Bomang'ombe. Mzee wa wakwe alicheka hadi akakalia kofia yake. Shemeji akarudi kitini, akajifunga kifungo cha koti. Mama nilimshika bega kumrudisha kwenye kiti chake, akaninong'oneza kwamba ilikuwa mbaya kweli, sikukosa kitu. Nilijua ananidanganya, nikamshukuru.

Binti yangu alitoka pale mlangoni, akapita katikati ya watu wote wale mpaka nilipokuwa. Akanisogelea karibu, uso wake chini ya uso wangu, akavuta pumzi.

"Shikamoo, Baba," akasema.