Bia ya Ng'ambo ya Mto

Korbinian Stadlhuber alisambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini na minne, na muda wote huo hakuna aliyemwona akinywa bia ya ngano isiyotoka kwenye kiwanda cha kijijini kwake. Ile ya ng'ambo ya mto aliiita maji ya kuoshea mapipa. Aliiita hivyo hata mbele ya mkewe, Walburga, mzaliwa wa huko ng'ambo, na mbele ya shemeji yake Alban, aliyeitengeneza kwa mikono yake.

Jumapili moja baada ya misa, yeye na Walburga walikuwa kwenye baa ya Kreszenz wakila soseji nyeupe kwa haradali tamu, Korbinian akaanza hotuba yake ya kila wiki. Kreszenz akamfunga macho kwa leso.

"Leo ulimi wako ufanye kazi, mzee wangu. Kusema umeshasema sana."

Akamletea glasi mbili ndefu. Korbinian akainusa ya kwanza, akaionja, akaisukuma kando.

"Povu halifiki hata kwenye masharubu. Chapwa, kama unga ulionyeshewa. Masikini shemeji Alban."

Ya pili hakuisukuma. Akanywa funda moja, akarudia.

"Ndizi mbivu. Karafuu kwa mbali. Inateleza, halafu inakuchoma ulimi kidogo. Hii ndiyo yetu. Kwa hii hata padri angefupisha mahubiri."

"Una hakika, baba?" Walburga akauliza.

"Mke wangu, hii hata nikiwa nimelala nitaijua."

Kreszenz akamfungua leso na kumwekea chupa mezani, kila moja mbele ya glasi yake. Ile ya pili ilikuwa ya Alban. Baa nzima iliangua kicheko. Korbinian akaikodolea macho kama barua aliyoipeleka nyumba siyo.

"Labda glasi zimebadilishana."

"Zilitembea zenyewe?" Walburga akasema.

Akaonja tena zote mbili, safari hii macho wazi, polepole. Hakupata pa kukimbilia.

"Miaka arobaini namtukana ndugu yako," akasema kwa sauti ndogo.

"Arobaini na mmoja. Kula, soseji inapoa."

Jumatano alipanda baiskeli, akavuka daraja. Alban alikuwa ndani ya mabuti ya mpira, anasugua pipa.

"Nimekuja kukwambia bia yako ni nzuri," Korbinian akasema, bado ameshika usukani.

Alban akafunga maji. "Unaumwa, shemeji?"

"Siumwi. Walinifunga macho."

Alban akachukua chupa. Akammiminia glasi, akaitikisa chupa ili hamira iliyotuama chini nayo iingie kwenye glasi, akampa. Korbinian akanywa hadi nusu, akajifuta masharubu.

"Ila karafuu ungepunguza kidogo."

"Nani kakuuliza?"

Wakabishana juu ya karafuu mpaka jioni, Walburga akapiga simu kuuliza kama mumewe ametumbukia mtoni.

"Yupo hapa, dada," Alban akajibu. "Ananifundisha kazi yangu."