Weusi wa Mtoto wa Mama Loretta

Siku ile, mjukuu wangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nasafisha picha katika duka moja la mji wa Falls Church, nchini Marekani. Kazi hiyo nilitoka nayo Mombasa, studio kwa mjomba wangu, na nilijiona fundi. Usinicheke, nilikuwa fundi kweli.

Pale studio, akija bibi harusi, mjomba alikuwa na mkono wake. Picha inapomulikwa kwenye karatasi, anaukinga uso kwa kipande cha kadibodi, mwanga usiingie mwingi, basi uso hutoka mweupe. Bibi harusi afurahi, mama mkwe afurahi, nasi tushukuriwe. Hakuna aliyewahi kutuuliza uso ule ni wa nani.

Basi akaja Mama Loretta, Mmarekani mweusi wa kitongoji cha Oxon Hill, mtu mzima. Mwanawe alikuwa amepigwa risasi na polisi, naye hana hata kisu mkononi. Jumamosi watu wa kanisa lake wangeandamana mjini, na mama alitaka nimsafishie, kutoka filamu aliyokuja nayo, picha kubwa ya kutangulia nayo: yeye na kijana wake, wamekaa kibarazani.

"Nataka watuone," akasema.

Nilimhurumia, nikasema moyoni nimtendee wema. Nikachukua kadibodi yangu nikawakinga wote wawili, mama na marehemu. Ijumaa jioni alipokuja nikamfunulia picha huku nangoja sifa. Aliitazama kitambo, kisha akanipa vidonge vyangu bila kupaza sauti.

"Binti, huyu ni nani?"

"Mwanao, mama."

"Mwanangu alikuwa mweusi. Wamemuua kwa weusi huo. Leo wewe, mweusi mwenzangu, unamvua weusi wake?"

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza hadithi za mjomba na maharusi, akaninyamazisha kwa mkono. Akaniambia bibi yake alikuwa akivaa nguo za Jumapili kwenda kupiga picha, kwa kuwa magazeti yaliwachora watu wao kama manyani. Na walipodai haki zao, walikubali kupigwa virungu mbele ya kamera, ili asitokee mtu kesho akasema hawakupigwa.

"Na wewe wafuta," akasema.

Tajiri wangu, mwenye duka, alikuwa akisikia. Akaamuru nisiisafishe upya: picha ni nzuri, na duka linafungwa. Mjomba alinifunza kunyamaza mbele ya tajiri, lakini siku hiyo ulimi ulikataa. Nikamwambia, "Hii haitoki hapa ilivyo. Nikimaliza, nifukuze." Nikaingia chumba cha giza, kadibodi nikaitupa, mwanga nikauacha uingie kiasi chake. Kijana akajitokeza kwenye dawa na weusi wake wote, na mashavu ya mamake, na jicho kali. Mama Loretta aliishika picha akalia, nami nikalia.

Jumamosi niliandamana na buibui langu, nimeshika pembe moja ya picha ile, na askari waliojipanga njiani walimtazama kijana wetu wapende wasipende. Jumatatu sikuwa na kazi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nilipata nyingine.

Nakueleza haya kwa sababu juzi nimeiona picha yako ya mahafali kwenye simu. Umejipausha kwa mbinu za simu hiyo hiyo, hata mimi, bibi yako, nikauliza ni mtoto wa nani. Imeniuma, sitaki kukuficha. Mkataa kwao ni mtumwa, na mtumwa wa kujifunga mwenyewe hana wa kumkomboa. Ukipigwa picha, tulia kama Mungu alivyokuumba. Ukiishika kamera wewe, usimpunguze mtu hata kwa kumwonea huruma. Na mkubwa akikuamuru umfute mtu, mkatalie machoni pake, riziki haiko mkononi mwake.

Mungu akupe moyo usiotetemeka, mwanangu, na akukinge na wanaotaka usionekane. Amina. Haya, ifute hiyo, kisha njoo ukae hapa nikupige nyingine.